Awaara: Mhalifu huzaliwa au hufanywa?

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Awaara, yaani Mzururaji, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Raj Kapoor, inaipinga kauli hiyo.

Jaji Raghunath anamhukumu Jagga kwa sababu tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga analipiza kisasi: anamteka mke wa jaji, kisha anamfunza wizi Raj, mwana wa jaji mwenyewe, aliyekulia katika ufukara baada ya mama yake kufukuzwa. Mahakamani, Raj anatetewa na mpenzi wake, mwanasheria Rita.

Muziki wa Shankar na Jaikishan uliivusha hadithi hiyo mipaka. Wimbo mkuu, ulioimbwa na Mukesh kwa uchangamfu unaoficha ukiwa, ulipendwa hata katika Umoja wa Kisovieti, ambako filamu ilionyeshwa mwaka 1954.