Seva ndogo ya familia: programu ipi haitatushinda kuilea?

Mwaka jana ukurasa ambao ukoo wetu uliutumia kwa zaidi ya miaka saba, katika mtandao mmoja mkubwa wa kijamii, ulifungwa ghafla. Hatukuambiwa tumekosa nini. Zikapotea picha za marehemu bibi akiwa barazani, na habari zote ambazo ndugu zetu walioko Maskati walikuwa wakitupasha. Tulilalamika mara tatu, na mara zote tatu tulijibiwa na mashine.

Ndipo mpwa wangu, anayesomea kompyuta, aliposhauri tuwe na mtandao wetu wenyewe. Nilidhani anatania. Kumbe jambo hilo lipo na linaeleweka kwa mfano wa barua pepe: mwenye anwani ya kampuni moja humwandikia mwenye anwani ya kampuni nyingine pasina shida, kwa kuwa zote zinafuata kanuni moja. Katika mitandao ya kijamii kanuni hiyo huitwa ActivityPub, nayo ilipitishwa Januari 2018 na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani. Mwenye seva yake Tanga anaweza kumfuata na kumjibu aliyejisajili katika seva ya Ujerumani, na hakuna kampuni moja inayowamiliki wote wawili.

Mpwa alianza na Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani, kwa sababu ndiyo yenye sifa. Tulikuwa tumekodi seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu. Ilikwama siku ile ile. Mastodon si programu moja. Ni kundi zima. Kuna sehemu iliyoandikwa kwa Ruby, kuna hifadhidata ya PostgreSQL, kuna Redis, kuna mtumishi wa nyuma ya pazia anayepeleka na kupokea ujumbe, na kuna sehemu nyingine ya kurusha habari papo kwa papo. Kwa jumuiya ya maelfu ya watu ni chombo madhubuti. Sisi tulikuwa watu kumi na wanne, nasi tulikuwa tukibandika sufuria la harusi ili tuchemshe chai.

Akaniletea majina mengine. Akkoma ni nyepesi kuliko Mastodon, lakini nayo inadai PostgreSQL. Ile iitwayo snac ilinivutia mno: imeandikwa kwa lugha ya C, haina hifadhidata kabisa, na kila kitu hukihifadhi katika mafaili ya kawaida. Kwa mtu mmoja au wawili ningeichagua hiyo bila kusita. Mwishowe tuliafikiana juu ya GoToSocial, hasa kwa sababu maelekezo yake yameandikwa kwa kirefu, hata mimi nisiye fundi niliweza kuyafuata.

GoToSocial huja kama programu moja tu ya kuendesha, na inaweza kutumia SQLite, ambayo huweka hifadhidata nzima katika faili moja. Kwa seva ya watu 1 hadi 20, watengenezaji wake wanakadiria kumbukumbu ya megabaiti 250 hadi 350. Picha zinazotoka seva za wengine huhifadhiwa siku 7 kisha hufutwa, isipokuwa ukibadilisha mpangilio, hivyo diski haijai haraka. Usajili wa watu wapya umefungwa tangu mwanzo, nasi tuliuacha hivyo hivyo.

Ina upungufu pia. Haina ukurasa wake wa kuandikia; kila mtu lazima aweke simuni programu nyingine, kama Tusky kwa wenye Android. Jioni nzima nilikaa na shangazi tukihangaika na mahali pa kuandika anwani ya seva. Tena watengenezaji wenyewe bado wanaihesabu kuwa katika hatua ya majaribio, kwa hiyo kila toleo jipya linapotoka husoma kwanza tangazo lake, nikachukua nakala ya akiba, ndipo tukabadilisha. Mpwa alitaka pia tuiweke nyumbani katika Raspberry Pi. Nilikataa kwa ajili ya umeme wetu, na kwa sababu kadi ndogo za kumbukumbu hazikuundwa kwa kuandikwa mchana na usiku.

Lakini uzito wa programu haupimwi kwa megabaiti pekee. Mimi ni katibu wa kamati, nimewahi kukabidhiwa madaftari ambayo aliyeyaandika tu ndiye aliyeweza kuyasoma. Nikamuuliza mpwa: ukisafiri, nani ataishika seva hii? Akanyamaza. Basi nikafanya mwenyewe: nikaisimamisha, nikanakili faili la hifadhidata, folda la picha na faili la mipangilio, kisha nikaiamsha upya katika kompyuta nyingine. Ilinichukua saa tatu na simu mbili. Nisingethubutu kufanya hivyo na kundi lile la Mastodon.

Jina la kikoa pia lilitutoa jasho. Seva ikishaanza kuwasiliana na nyingine, jina hilo halibadilishiki. Ukilibadilisha ni sawa na kuanza upya. Mpwa alikuwa karibu kuisajili kwa jina lake mwenyewe. Tukachagua la ukoo.

Siku tuliyowakusanya wote kuwaeleza, shangazi aliuliza swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumelifikiria: "Wanangu, na nyinyi mtayasoma tunayoandikiana?"

Jibu la kweli ni kwamba tunaweza. Ujumbe wa faragha katika mitandao hii haufungwi kwa fumbo kutoka simu hadi simu. Mwenye funguo za seva akitaka kuufungua, anaweza. Vivyo hivyo, picha ya mtoto ikiwekwa hadharani na kufika seva za wengine, kuifuta kwetu ni ombi tu kwao. Nilimweleza shangazi yote hayo bila kupunguza. Ilikuwa amana yake, naye alikuwa na haki ya kujua.

Tukakubaliana kwamba mambo ya siri yabaki kwenye simu au ana kwa ana, picha za watoto zisiwekwe hadharani, na funguo tushike wawili, mimi na mpwa, kila mtu akijua hivyo. Wawili kati ya wale kumi na wanne walisema hawatajiunga, na hatukuwashurutisha. Shangazi alijiunga. Diski ya nakala ya akiba iko kabatini kwake, na mpwa huifuata kila Jumamosi baada ya alasiri.