Nidhamu na Udumifu: Imani Inayobaki Wageni Wakishaondoka



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo linalojitokeza katika taarifa nyingi tunazopokea kutoka parokiani. Kuanza hatujambo. Shida yetu ni kuendelea.

Katika kigango kimoja tunachoshirikiana nacho, kisima cha pampu ya mkono kilizinduliwa kwa Misa, ngoma na pilau. Kila kaya iliahidi kutoa mchango mdogo kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Miezi ya kwanza watu walilipa bila kukumbushwa. Ukaja msimu wa kilimo, mhazini akahama, na daftari likabaki nyumbani kwake ndani ya sanduku. Pampu ilipokwama, kilichohitajika kilikuwa kipuri kidogo cha mpira, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Akina mama wakarudi kuchota maji kijitoni, na watoto wakaanza tena kuugua matumbo.

Nasi wa ofisini hatuwezi kunawa mikono. Siku ya uzinduzi tulikuwepo, tukahutubia na kupiga picha. Baada ya hapo ilipita zaidi ya mwaka mmoja bila sisi kukanyaga pale.

Mitaani watu huiita hali hii nguvu ya soda: povu hupanda kwa kishindo, kisha hutulia. Bwana Yesu aliieleza kwa mfano wa mbegu zilizoanguka penye mwamba (Mt 13:20-21). Zile mbegu hazikukosa furaha. Zilikosa mizizi.

Maana ya maneno haya mawili

Wengi wetu tukisikia neno nidhamu tunafikiria viboko vya shuleni au amri za jeshini. Lakini asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ni utaratibu au mpangilio. Mtu mwenye nidhamu ni yule aliyeyapangia mambo yake mahali na wakati, kisha akaufuata mpango huo hata siku asiyojisikia. Mtume Paulo anatumia mfano wa wanamichezo, ambao hujinyima mengi kwa ajili ya taji linaloharibika (1Kor 9:24-27). Hapana mkimbiaji anayeanza mazoezi asubuhi ya mashindano.

Udumifu nao si kukaa kimya na kuteseka tu. Neno la Kigiriki linalotumika mara nyingi katika Agano Jipya, ambalo Biblia zetu hulitafsiri kwa saburi au uvumilivu, limeundwa na maneno mawili: kubaki na chini. Ni kubaki chini ya mzigo bila kuutupa. Kwa hiyo nidhamu ndiyo inayoujenga mgongo, na udumifu ni mgongo huo ukibeba mzigo. Mtu hawezi kudumu kwa kutaka tu.

Miaka karibu mitatu bila padre

Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, nchini Uganda, kuwakumbuka Mashahidi waliouawa wakati wa Kabaka Mwanga. Tunakijua vizuri kifo chao. Iko sehemu ya historia hiyo ambayo hatuizungumzi sana, nayo ndiyo yenye somo kubwa kwa kamati zetu.

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda Februari 1879. Wa kwanza walikuwa Padre Siméon Lourdel, ambaye wenyeji walimwita Mapeera, na Bruda Amans. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, aliweka agizo ambalo wengi waliliona gumu: anayetaka ubatizo aandaliwe kwa muda wa miaka minne. Hakutaka watu wabatizwe kwa wimbi la shauku kisha warudi walikotoka. Hata hivyo, katika miaka ile ya mwanzo wachache walibatizwa mapema zaidi. Mwaka 1882 walikuwemo Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa, waliokuwa watumishi wa Kabaka, pamoja na Matia Mulumba Kalemba.

Novemba mwaka huohuo, hali katika ikulu ilipokuwa ya hatari, mapadre wote waliondoka. Walivuka Ziwa Viktoria hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885, baada ya Kabaka Mutesa kufariki. Hebu tufikiri: Wakristo wachanga, wengine wenye miezi michache tu tangu wabatizwe, wanaachwa karibu miaka mitatu. Hakuna Misa wala padre wa kuwaungamisha.

Mapadre waliporudi walikuta Wakristo na wanafunzi wa dini wameongezeka. Mukasa alikuwa amewaongoza vijana wa ikulu. Nyumba ya Kaggwa ilikuwa mahali pa sala na mafundisho. Huko Mityana, umbali wa kilometa 70 hivi kutoka Kampala ya leo, ilikuwepo jumuiya ya kina Matia Mulumba, na baadaye Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, akawa nguzo yake. Walikuwa na utaratibu: kukutana, kusali pamoja, kufundishana yale waliyoyakariri na kuwaangalia wagonjwa. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa.

Kisha ikaja saa ya kujaribiwa. Yosefu Mukasa, aliyekuwa amemkemea Kabaka Mwanga kwa mauaji ya Askofu Mwanglikana James Hannington, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa, naye akachukua nafasi ya kuwalinda na kuwafundisha vijana wa ikulu. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki.

Tunasimulia haya kwa sababu moja. Ujasiri wa Namugongo haukuzaliwa Namugongo. Ulilelewa katika jioni nyingi za kawaida, ndani ya nyumba za kawaida, wakati ambapo hapakuwa na mgeni wa kuwasifu. Na tukumbuke kwamba miradi yetu mingi hufadhiliwa kwa awamu ya miaka mitatu, muda unaokaribiana na ule walioachwa peke yao. Kwao, muda ule usio na msaada ndio uliowakomaza.

Nidhamu ina sura gani kwetu?

Nidhamu ya Kikristo haihitaji mambo makubwa. Inahitaji mambo madogo yasiyoahirishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza ni sala yenye saa yake. Anayesema atasali akipata nafasi, mara nyingi nafasi haipati. Afadhali dakika kumi kila alfajiri kuliko mkesha mmoja kwa mwaka.

Pili ni jumuiya ndogo ndogo. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA walikazia kwamba jumuiya hizi ziwe msingi wa maisha ya Kanisa katika eneo letu. Faida yake ni hii: mtu akikosekana Jumapili katika kanisa la watu mia tano, nani atajua? Akikosekana kwenye jumuiya ya kaya kumi, jioni kuna mtu atakayebisha hodi. Udumifu wa mmoja hubebwa na wengine.

Tatu ni daftari. Huenda wengine wakashangaa kuona hesabu zikitajwa pamoja na sala. Lakini aliye mwaminifu katika lililo dogo ni mwaminifu katika kubwa pia (Lk 16:10). Mchango uhesabiwe na watu wawili au zaidi, uandikwe siku hiyohiyo, stakabadhi zitunzwe, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya waumini. Daftari likifichwa, minong'ono huanza. Minong'ono ikianza, michango hukoma.

Kigango tulichokitaja kilifuata njia hii. Walichagua kamati mpya yenye akina mama, maana wao ndio wabebaji wa ndoo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, mhazini husimama na kusoma hesabu, hata kama mwezi huo hakuna kilichoingia. Pampu ilitengenezwa kwa fedha zao wenyewe. Safari hii hapakuwa na sherehe, lakini maji yanatoka.

Na aliyeanguka?

Nidhamu isiyo na huruma hugeuka kuwa ukali, na ukali hufukuza watu. Petro alimkana Bwana mara tatu, lakini kando ya ziwa aliulizwa swali moja mara tatu, akarudishiwa kazi yake (Yn 21:15-17). Kaya iliyoshindwa kuchangia kwa sababu ya ugonjwa au njaa isitangazwe kanisani kama mdaiwa sugu. Itembelewe. Mhazini aliyekosea hesabu asahihishwe. Aliyeiba awajibishwe na arudishe, lakini mlango wa toba usifungwe. Kudumu si kutoanguka kamwe, bali ni kukataa kulala pale tulipoanguka.

Vilevile udumifu si ukaidi. Yesu mwenyewe alifundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Lk 14:28). Mradi ambao kamati imeona kweli hauwezi kuendeshwa ni heri usianzishwe, au ufungwe kwa uwazi, kuliko kuubeba kwa ajili ya kuonekana.

Neno kwa wafadhili, na kwetu sisi

Wafadhili wapendwa, tunawashukuru kwa moyo wenu. Nanyi pia mnaitwa katika nidhamu hii. Mchango wa wastani unaofika kwa wakati kila mwaka hutusaidia kupanga kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Mnapotuuliza maswali, msiishie kwenye idadi ya visima vilivyozinduliwa. Ulizeni vingapi bado vinatoa maji miaka mitatu baadaye. Swali hilo litatufanya nasi tuwe wakweli.

Kwa upande wetu, tumeweka utaratibu kwamba kila mradi uliokamilika utatembelewa angalau mara mbili kwa mwaka, na ziara moja iwe ya kusikiliza tu, bila hotuba. Tukikosa kufika, tunaomba kamati zituandikie na kutukumbusha ahadi hii.

Maswali ya kutafakari katika kamati na jumuiya

1. Ni jambo gani tulilianza kwa shangwe katika parokia yetu, na leo limesimama? Lilisimama lini, na ni nani aliyeona kwanza?
2. Kama padre na wafadhili wasingefika kwetu kwa miaka mitatu, ni nini kingebaki?
3. Hesabu zetu zilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya waumini wote?
4. Ni nani ameacha kuja jumuiyani, na nani kati yetu atambishia hodi wiki hii?

Tusichoke kutenda mema, maana wakati wa kuvuna umewekwa kwa wasiozimia moyo (Gal 6:9). Tunawaombea baraka za Mungu katika kazi zenu, na tunasubiri barua zenu.