"ROJA" SIYO "NDIYO"

Ukikaa Kahawa Sukari neno hili unalisikia usiku ukiwa kitandani. Mlinzi wa geti anaita kwa redio ya mkononi, na mwenzake wa kona ya mbali anajibu, "Roja, roja!" Siku hizi hata makanga wanalisema. Bwenini nako, mwambie mtu akurudishie karai lako, atakujibu "roja that", na karai hulioni.

Si ajabu neno la kijeshi kutuzoea. Kambi ya Kahawa ni jirani yetu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta chenyewe kilianzia katika kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, ambayo serikali yetu ilikabidhiwa mwaka wa 1965.

Kumbe roja ni jina la mtu, Roger, ingawa hakuna Roger yeyote aliyefanya lolote! Enzi za simu ya kugonga ya Morse, mpokeaji alituma herufi R kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Redio za sauti zilipokuja, kila herufi ilipewa jina ili isipotee katika kelele, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili R ya Wamarekani na Waingereza iliitwa Roger. Mwaka wa 1956 R ikawa Romeo, lakini askari na marubani walikuwa wameshamzoea Roger.

Jeshini maana yake ni moja tu: nimepokea ujumbe wako wote. Si kwamba nimekubali, wala kwamba nitafanya. Atakayetekeleza husema "wilko", yaani nimesikia na nitatii. Kwa hiyo wale wa sinema wanaosema "roja wilko" wanajirudia bure.

Huku mtaani roja imegeuka kuwa "sawa", na hapo ndipo pana hatari. Kuna ploti karibu na kwetu ambako wezi waliruka ua. Mlinzi akaita wenzake, akajibiwa roja, akatulia akijua wanakuja. Wapi! Walikuwa wamesikia tu, na runinga ya watu ikaenda. Tangu siku hiyo mlinzi yule huuliza papo hapo, "Roja umeskia ama roja unakuja?"

Wenye ndege walijifunza kwa maafa. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana uwanjani penye ukungu, wakafa watu 583. Moja ilikuwa imeanza kukimbia ili ipae bila ruhusa. Mwongozaji mnarani alijibu kauli yao kwa "OK", kisha akawaambia wangoje, lakini maneno hayo ya pili yalivurugwa na mlio redioni. Baada ya ajali hiyo ilisisitizwa kwamba rubani asiitikie agizo muhimu kwa OK au roja tu. Alirudie lenyewe.

Kiswahili kilitenganisha mambo haya bila redio. Mtoto wa Pwani akiitwa huitika "naam" au "labeka", yaani nimesikia. Akitumwa na akakubali, husema "hewala". Mimi ningewapa walinzi wetu maneno haya. Naam na hewala hayafanani hata kidogo kwa sauti, na hata redio ikikwaruza vipi huwezi kuyachanganya.