Swala Huyu ni Nani? Faida ya Watu Kutokubaliana

Msomaji mmoja wa Dodoma amesikia kwamba mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuwatambua wanyama wa Serengeti kwenye picha, na majibu yake yakatumika katika utafiti. Ana wasiwasi. "Mimi swala wote naona ni swala tu," anaandika. "Nikikosea si nitawaharibia watu kazi yao?"

Hutawaharibia. Makosa yako yamekwisha kuwekewa nafasi katika hesabu, tena hesabu yenyewe ni nzuri mno kuipita haraka.

Mradi anaouzungumzia ni Snapshot Serengeti. Mwaka 2010 mtafiti Alexandra Swanson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya hifadhi. Kamera hizo hupiga picha zenyewe kitu chenye joto kinapopita mbele yake. Picha zilimiminika kuliko watafiti wachache walivyoweza kuzitazama, na Desemba 2012 zikawekwa kwenye Zooniverse, jukwaa la mtandaoni lililotokana na mradi wa kuainisha galaksi ulioanzia Oxford mwaka 2007. Kwa picha za miaka mitatu ya mwanzo peke yake, watu 28,000 waliojiandikisha na wengine wapatao 40,000 wasiojiandikisha walitoa majibu milioni 10.8. Kati ya seti milioni 1.2 za picha, zenye wanyama zilikuwa 322,653. Nyingine zilikuwa na nyasi tu.

Sasa tuje kwenye utamu. Picha moja haikuoneshwa mtu mmoja. Watano wa kwanza waliposema wote kwamba hakuna mnyama, iliondolewa. Kumi walipomtaja mnyama yuleyule, nayo iliondolewa. La sivyo iliendelea kuzunguka mpaka ifikishe majibu 25, kisha mnyama mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye aliyeandikwa. Na kitufe cha "sijui" hakikuwekwa. Asiyejua ilimlazimu abahatishe.

Mwanzoni nilidhani hilo ni kosa la usanifu. Kumbe ndiyo nguzo yake. Chukua mgeni aliyepotea Kariakoo, anatafuta duka la vitenge. Akimuuliza mtu mmoja, hana namna ya kujua kama ameelekezwa sawa. Akiwauliza kumi na wote wakanyoosha kidole kwenye uchochoro mmoja, aende bila shaka, hata kama hakuna kati yao aliyeapa kwamba anaujua mtaa. Lakini huyu akisema kulia, yule kushoto, wa tatu akamrudisha Msimbazi, mgeni amepata habari kubwa: hapa hapajulikani, atafute mzee mwenye duka aliyekaa miaka mingi. Wanaojua hukutana mahali pamoja, kwa sababu duka ni moja. Wanaobahatisha hutawanyika, kwa kuwa njia za kupotea ni nyingi. Wangeruhusiwa kusema "sijui" na kupita, mtawanyiko huo usingeonekana.

Mtawanyiko ndilo jina ninalolitumia hapa. "Usawa" lingekuwa karibu zaidi na hesabu yenyewe, ila msomaji angedhani kura zilizo sawa ni jambo la kheri, na hapa ni dalili ya shaka.

Kipimo chake kina safari ndefu. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Marekani, alibuni namna ya kupima habari iliyomo ndani ya ujumbe. Mwaka 1966 mwanaikolojia E. C. Pielou akaichukua hesabu hiyo kupima kama spishi za mahali fulani zinalingana kwa wingi au moja imezifunika nyingine. Swanson na wenzake wakaigeuza tena. Badala ya kuhesabu wanyama wa porini, walihesabu wanyama waliomo vichwani mwa watazamaji! Kura kumi zote zikienda kwa nyumbu, kipimo ni 0. Tisa zikienda kwa swala tomi na moja kwa swala granti, kinafika 0.47. Zikigawanyika tano kwa tano, ni 1, na picha hiyo inastahili kupelekwa kwa mtaalamu. Kwa hiyo msomaji wangu anayechanganya swala ana kazi muhimu: kubahatisha kwake humwonesha mtaalamu picha ipi aitazame.

Seti 4,149 zilipokaguliwa na wataalamu, majibu ya umma kuhusu spishi yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Kuwahesabu wanyama kulikuwa kugumu zaidi, na wanyama adimu walikosewa mara nyingi kuliko nyumbu. Mwaka 2018 watafiti walionesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha milioni 3.2 za mradi huu inaweza kuwatambua wanyama yenyewe. Majibu iliyofundishwa nayo yalitoka kwa watazamaji haohao.

Na yote haya yamefundisha nini kuhusu Serengeti? Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba duma, anayenyang'anywa mawindo na hata kuuawa na simba, hulazimika kuyahama maeneo mazuri. Picha hizo zilitoa jibu jingine mwaka 2016. Duma hahami. Hutumia sehemu zilezile anazotumia simba. Akishapita simba, duma hukaa mbali kwa saa chache, halafu hurudi.