Faili ya mgonjwa iliyoanzia Mosoriot

Mgonjwa wa Cheptiret akienda zahanati, mara nyingi hubeba daftari la shule. Humo mna kila kitu: malaria ya mwaka jana, presha, dawa alizopewa, saini ya muuguzi isiyosomeka. Daftari likinyeshewa au likisahaulika nyumbani, akifika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret anaanza upya: maswali yale yale, vipimo vile vile, pesa nyingine.

Wengi hawajui kwamba mojawapo ya majibu bora ya tatizo hili lilizaliwa hapa hapa kwetu.

Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot upande wa Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi, kile ambacho barabara yake inachepuka papa hapa Cheptiret, wakishirikiana na wenzao wa Indiana nchini Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Umeme wa mashambani haukuwa wa kutegemewa, kwa hiyo mitambo ikawekewa umeme wa akiba. Katika miezi sita ya kwanza waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba karatasi haikutupwa. Mgonjwa alipewa fomu moja, akatembea nayo kutoka meza hadi meza, kila mhudumu akijaza sehemu yake, kisha karani akaingiza yote kwenye kompyuta. Yale madaftari makubwa ya kila idara, ambamo jina moja liliandikwa tena na tena, yakakosa kazi. Watafiti walipopima muda, waligundua kwamba ziara ya mgonjwa kituoni ilikuwa imefupika kwa asilimia 22. Huo ndio ubunifu ninaouheshimu: unaanza na foleni ya watu, mashine inafuata.

Kisha Ukimwi ukaulazimisha mfumo huo kukua. Mpango wa AMPATH, uliotokana na ushirikiano huo huo wa Moi na Indiana, ulipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, wagonjwa waliongezeka kwa maelfu. Anayemeza dawa hizo hazimezi wiki moja akamaliza. Ni za maisha. Lazima kliniki ijue nani hakuja tarehe yake, ili atafutwe nyumbani mapema. Rundo la mafaili haliwezi kukwambia nani hayupo. Kompyuta inaweza, kwa dakika chache.

Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya huko Indiana walifika Eldoret, wakaona mfumo uliokuwepo hautahimili mzigo huo. Kutokana na safari hiyo, na kwa kushirikiana na wataalamu wengine, ikatokea OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua bure na kuibadilisha ifae kwake. Eldoret ikaanza kuitumia mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 40, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi unaotumika katika kliniki nyingi za Ukimwi humu nchini, umejengwa juu yake.

Sasa swali langu kwa viongozi wetu: kwa nini mwenye kisukari au mama mjamzito aendelee kutegemea daftari? Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024. Lakini pesa nyingi na maneno mengi vimeelekezwa kwenye usajili na malipo. Rekodi ya matibabu yenyewe, ile inayomsaidia daktari kuamua, isiachwe nyuma.

Nawe msomaji una nafasi yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Ukienda kliniki, ulizia namba yako ya mgonjwa na uihifadhi kwenye simu. Ukiambiwa urudie kipimo ulichofanyiwa juzi, uliza matokeo ya kwanza yako wapi, na usiondoke kabla hujajibiwa.