Dijonkteri inalinda waya, si resho



Juma lililopita tulienda kumpa pole mwenzetu mmoja wa hapa Manika. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi toka kwenye prizi mpaka juu, na upande wa pili wa ukuta ule ndipo watoto wanapolala.

Alitueleza hivi. Kila jioni, kuran ikirudi baada ya delestaji, alikuwa anawasha vyote pamoja: resho, birika ya umeme, na pasi kwa ajili ya nguo za shule. Dijonkteri ilikuwa inaanguka. Akachoka, akamwita fundi. Fundi akamwambia: "Mama, hii ni ndogo. Nakuwekea ya 32." Akatoa ile ya 16, akaweka ya 32. Waya hakuigusa. Toka siku ile dijonkteri haikuanguka tena, na mama akafurahi. Kabla mwezi haujaisha, plastiki ya waya ilianza kunuka ndani ya ukuta, kisha moto ukatoka.

Wengi wetu tunafikiri dijonkteri ni ya kulinda resho au frigo. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya iliyofichwa ukutani, ile tusiyoiona. Waya ikipitisha kuran, inapata joto. Kuran ikiwa mara 2, joto linakuwa mara 4. Dijonkteri inakata kabla waya haijaungua.

Tupige hesabu ya mwenzetu. Kuran ya nyumbani ni volti 220. Tunagawanya wati kwa 220, tunapata ampere. Resho ya vichwa viwili, wati 3000: karibu ampere 14. Birika, wati 2000: karibu 9. Pasi, wati 1100: 5. Jumla ni ampere 28. Waya yake ilikuwa ya milimita mraba 1,5, ambayo haipaswi kuwekewa dijonkteri ya zaidi ya ampere 16. Dijonkteri ya 16 ilikuwa inasema kweli: "Mama, umezidisha." Ile ya 32 iliona 28, ikanyamaza.

Kanuni ya Ufaransa, NF C 15-100, inapanga hivi kwa waya ya shaba:

– Taa: waya ya 1,5, dijonkteri isizidi ampere 16.
– Prizi: waya ya 2,5, dijonkteri isizidi 20.
– Jiko la umeme: waya ya 6, dijonkteri isizidi 32.

Kwa hiyo tunaanza na hesabu ya vyombo, kisha tunachagua waya inayoweza kuvibeba, na mwisho tunaweka dijonkteri inayofaa waya ile. Anayeanza na dijonkteri ameanzia mwisho. Na anayefunga uzi wa shaba mahali pa fuzible ameondoa ulinzi wote. Ralonji nyembamba ya kuchaji simu nayo isibebe resho.

Tuangalie pia sokoni. Sisi watu wa Kolwezi tunaijua shaba, lakini kuna waya za bei ndogo ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Haipitishi kuran sawa na shaba, inapata joto upesi. Kabla ya kulipa, omba ncha ikwanguliwe kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, iache.

Dijonkteri ikianguka mara kwa mara, tuzime kitu kimoja kwanza. Chai ikiisha kuchemka, ndipo pasi iwake. Ikiwa nyumba ina mahitaji makubwa, tuweke akiba kidogo kidogo, resho ipate waya yake nene toka kwenye kisanduku, na dijonkteri yake. Ni gharama, tunajua. Mwenzetu sasa anajenga upya ukuta na kununua magodoro.

Jioni hii, tusome namba iliyoandikwa kwenye dijonkteri zetu. Na siku fundi akija kubadilisha, tumuulize kwa heshima: "Papa fundi, waya iliyo nyuma ya hii ni ya ngapi?" Asipoweza kujibu, asiibadilishe.