Mbegu Hutunzwa Tangu Shambani

Mbegu zikikataa kuota, wa kwanza kulaumiwa ni ghala: joto, unyevu, wadudu. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini ghala haliongezi ubora. Hulinda ule tu ulioletwa kutoka shambani. Somo hili linauliza ubora huo ulitoka wapi, na jibu linaanzia kwa mmea mama, yaani mmea uliozaa mbegu, na virutubisho ulivyopata.

Tuanze na msingi. Ndani ya mbegu mna kiinitete, mmea mchanga uliolala, pamoja na akiba ya chakula chake. Fosforasi, kwa mfano, hutunzwa humo kama fitini, chumvi inayovunjwavunjwa mbegu inapoanza kuota. Mmea mama uliokosa fosforasi huzaa mbegu zenye akiba ndogo. Zinaweza kuota zote, ila miche ikadumaa kwenye udongo hafifu. Ndiyo maana tunatofautisha uotaji, yaani asilimia ya mbegu zinazoota, na nguvu ya mbegu, yaani uwezo wa kuota upesi na kwa pamoja hata mazingira yakiwa magumu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni karanga. Ua likishachavuka, kikonyo hurefuka kuelekea chini na kuzama udongoni, na punje hukulia humo. Sasa angalia. Kalsiamu, madini yanayoimarisha kuta za seli, husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini hadi kwenye majani yanayotoa mvuke. Ikishafika huko hairudi chini kwa urahisi. Ganda lililofukiwa halitoi mvuke wa kutosha kuyavuta maji hayo, hivyo sharti linyonye kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Ikikosekana, maganda mengine hubaki matupu, na hata punje iliyojaa, ukiipasua katikati, waweza kukuta kichipukizi chake kimekuwa cheusi. Punje hiyo haifai kupandwa, uitunze utakavyoitunza. Tiba ni jasi, madini yenye kalsiamu na salfa, inayomwagwa kuzunguka mashina karanga zinapoanza kutoa maua. Tanzania huichimba Makanya, wilayani Same.

Huenda unajiuliza: basi mbolea nyingi ndiyo mbegu bora? Hapana. Potasiamu ikizidi penye maganda hushindana na kalsiamu. Naitrojeni nyingi iliyochelewa huufanya mmea ubaki kijani, mbegu zikavunwa zingali na maji. Na kwa kanuni ya Harrington, mtafiti wa Marekani, unyevu wa mbegu ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, umri wake ghalani hupungua kwa takriban nusu.

Ukitaka kujionea tofauti hiyo ya ubora, chukua karanga za shamba lililopata jasi na za shamba lisilopata, zilizokaa ghala moja. Ziloweke katika vyombo tofauti vya maji safi kwa saa 24. Mbegu ambayo utando wa seli zake umechoka huvujisha sukari na chumvi, na maabara huzipima chumvi hizo kwa kuangalia maji yanavyopitisha umeme: yakipitisha zaidi, mbegu zimevuja zaidi.